Homa ya Ini C: Nani Yuko Hatarini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza na Kando ya Ziwa

Maswali haya yametoka kwenye foleni za upimaji, kwenye mialo, na kwenye simu za usiku za watu walioshika karatasi ya majibu wasiyoyaelewa. Mimi ni mtu wa maabara hapa Mwanza, na mengi nimeyajibu nikiwa nimesimama, kwa haraka, mgonjwa wa pili akisubiri mlangoni. Hapa nayajibu kwa utulivu. Yamepewa namba ili jibu moja likigusa jingine nikuelekeze badala ya kurudia.

## Tuanzie mwanzo

1. Homa ya ini C ni nini? Na hiyo C maana yake ni kali kuliko B?

Ni ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi. Herufi A, B, C, D na E ni majina ya virusi vitano tofauti. Si madaraja ya ukali, kwa hiyo C haimaanishi kwamba B yako imekomaa. Mtu anaweza kuwa na B peke yake, C peke yake, au zote mbili.

Kirusi cha C kilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari waliona watu wakiugua ini baada ya kuongezewa damu, wakipimwa A hakuna, B hakuna, na ugonjwa ukaitwa tu "usio A wala B". Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi ya kukifichua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kirusi hiki, na kwamba mwaka 2022 kiliua watu 242,000 hivi, wengi kwa ini kujaa makovu na kwa saratani ya ini.

2. Ni sawa na homa ya manjano?

Hapana. Homa ya manjano huenezwa na mbu na ina chanjo yake, ile ambayo wasafiri huombwa kadi yake mipakani. Macho kuwa ya njano ni dalili tu, na magonjwa mengi huileta, malaria kali ikiwemo.

3. Nimechanjwa homa ya ini. Si nimekingwa?

Umekingwa dhidi ya B. Watoto wetu huipata ndani ya chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni chanjo ya thamani kubwa, kwa sababu B ndiyo iliyoenea zaidi kwetu. Lakini C haina chanjo mpaka leo, na kinga yake iko kwenye kuzijua njia zake.

4. Inaambukizwaje hasa?

Damu ya mwenye kirusi iingie kwenye damu yako. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe. Tone lenyewe si lazima lionekane: damu iliyobaki kwenye tundu la sindano inatosha.

Na usiseme "mbona imeshakauka". Kirusi hiki kinaweza kuishi wiki kadhaa juu ya meza au chombo kwa joto la kawaida, na ndani ya bomba la sindano lililotumika, maabara zimekikuta kikiwa hai hadi siku ya 63. Wembe wa jana, kwa macho ya kirusi, ni wembe wa leo.

5. "Kihatarishi" ni nini? Mbona wengine hawakufanya lolote na bado wanacho?

Kihatarishi ni jambo linaloongeza uwezekano wa kuambukizwa. Si hukumu, wala si ushahidi wa tabia mbaya. Ukichukua watu wa kawaida mtaani, usichague walevi wala wafungwa, ukawapima wote, utakuta baadhi ya wenye kirusi hawakumbuki chochote. Maambukizi yangeweza kutokea miaka 30 iliyopita: sindano ya kioo iliyochemshwa juu juu, chale alizochanjwa akiwa mtoto mgongoni kwa mama, damu aliyoongezewa akiwa hana fahamu. Ndiyo maana katika nchi nyingi watu wa umri mkubwa hukutwa nacho zaidi kuliko vijana. Wamepita mikononi mwa watu wengi zaidi, na enzi ambazo vifaa vilirudiwa.

Kwa hiyo ukimpima mzee ukamkuta nacho, usianze kumchunguza alikuwa anaishije. Hilo halimtibu, na linawafanya wenzake waogope kupima.

## Sindano, damu na wembe

6. Huku visiwani sindano tunachomwa kambini na mtu anayeuza dawa. Kuna shida?

Ipo, na hili ndilo ningependa lisomwe na kila mvuvi.

Naelewa linatokeaje. Umetoka kuvua dagaa usiku kucha, homa imekubana, zahanati iko ng'ambo, na boti inaondoka kesho. Jamaa ana begi lenye dawa na anachoma hapo hapo. Tena wengi tumelelewa tukiamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Ukweli ni kwamba magonjwa mengi yanayochomewa sindano mtaani yangetibiwa vizuri kwa vidonge, na sindano isiyohitajika ni hatari uliyoibeba bure.

Ikibidi uchomwe, dai kifungashio kifunguliwe mbele ya macho yako, sindano na bomba lake vyote vikiwa vipya. Kosa linalorudiwa sana ni kubadilisha sindano na kubakiza bomba. Damu hurudi nyuma kidogo ikaingia kwenye bomba, kwa hiyo sindano mpya juu ya bomba la zamani haijakukinga. Tazama pia kichupa cha dawa: kama ni kile kinachohudumia watu kadhaa na kimechomekwa sindano iliyokwisha kutumika, dawa yote iliyobaki imechafuka. Kuchemsha sindano za plastiki kwenye sufuria, au kuzifuta kwa spiriti, hakuzifanyi mpya.

Kudai hivyo si utovu wa adabu. Mhudumu mwema hufungua pakiti mbele yako bila kuombwa.

7. Nimesikia Misri watu waliambukizwa kwa dawa ya kichocho. Na sisi tunapewa dawa ya kichocho kila mwaka!

Habari ya Misri ni ya kweli, na inatuhusu kwa sababu ugonjwa ni ule ule tunaoupata ziwani. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Misri ilitibu kichocho kwa sindano za dawa yenye madini ya antimoni. Mgonjwa mmoja alichomwa mara nyingi, wiki baada ya wiki, na vifaa vilirudiwa bila kutakaswa vya kutosha. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kirusi cha C, ambacho wakati huo hakuna aliyekijua, kilisafiri ndani ya sindano hizo kutoka kijiji hadi kijiji, na Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani.

Dawa tunayopewa sisi ni praziquantel, nayo ni vidonge. Mtoto anapimwa urefu kwa fimbo yenye alama, anapewa idadi yake, anameza. Hakuna sindano, hakuna damu, na haiwezi kukuletea homa ya ini. Nawaomba wazazi wa Ukerewe, Kome na kote mwambaoni msiwazuie watoto kumeza dawa hii kwa ajili ya habari ya Misri. Wape chakula kwanza, kichefuchefu kitapungua.

Misri nayo haikuishia hapo. Mwaka 2018 ilianzisha kampeni ya kitaifa, ikapima makumi ya mamilioni ya watu na kuwatibu waliokutwa na kirusi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa hatua yake kuelekea kuutokomeza ugonjwa huu.

8. Mtoto wangu ana selimundu, anaongezewa damu mara kwa mara. Niogope?

Usimnyime damu. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, na ukichanganya na malaria kali inayokausha damu, hapa kwetu kuongezewa damu kumeokoa maisha mengi mno.

Damu ya benki ya damu hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende kabla ya kutolewa. Hatari iliyobaki ni ndogo sana, ingawa haijafika sifuri, kwa sababu mchangiaji aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kuwa bado haonyeshi kwenye kipimo. Kwa aliyeongezewa mara nyingi, hatari hizo ndogo hujumlishana. Mwombe daktari wa kliniki yake ampime C mara moja moja. Aliyeongezewa damu zamani, kabla vipimo hivi havijawa vya kawaida, naye apime hata kama ni mzima wa afya. Wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo wako kwenye kundi hili hili.

9. Kinyozi, saluni ya kucha, tatuu, kutoboa masikio?

Mashine ya kunyolea isiyokata ngozi ina hatari ndogo. Wembe ni jambo jingine: ule wa kuchonga ndevu na kisogo uwe mpya, na ukiona damu kwenye chombo kikataliwe. Mkasi wa kukatia nyama za kucha nao hutoa damu bila mtu kushtuka. Tatuu na kutoboa vifanywe kwa sindano mpya, na wino umiminwe kwenye kikombe cha mtu mmoja, kwa sababu wino wa kuchangia ni sawa na kile kichupa cha dawa kwenye swali la 6.

10. Chale, chuku na kukata kimeo je?

Hapa nitasema kwa heshima, maana nami nina chale za utotoni. Hatari haiko kwenye mila, iko kwenye wembe mmoja kwa watoto watano. Kama familia imeamua, kila mtu aje na wembe wake mpya na uharibiwe baada ya kutumika. Kupiga chuku ni vivyo hivyo: wembe wa kuchanja uwe mpya, na pembe au kikombe kilichopokea damu ya mtu kisihamie kwa mwingine.

Kukata kimeo cha mtoto ni tofauti. Kukohoa kwake hakusababishwi na kimeo, na kukikata kumeua watoto kwa kutoka damu. Hilo siwezi kulitafutia namna salama. Mpeleke mtoto zahanati.

Tohara ya hospitali, ikiwemo tohara kinga, hufanywa kwa vifaa vya kutupwa au vilivyotakaswa. Usiiogope kwa sababu ya C.

11. Wanaojidunga dawa za kulevya?

Duniani hiki ndicho kihatarishi kikubwa kuliko vyote kwa sasa. Kuchangia sindano kunaambukiza, lakini hata kuchangia kijiko, pamba au maji ya kuchanganyia kunaambukiza. Kama ndugu yako anajidunga, jambo la kwanza ni asichangie kitu chochote. La pili ni tiba: dawa ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na hapa Mwanza huduma hiyo ipo Hospitali ya Sekou Toure. Anaimeza kila siku, hana haja ya sindano. Mpeleke, na mpeleke bila matusi.

## Nyumbani na kitandani

12. Mume wangu amekutwa na C. Nitenge vyombo vyake?

Hapana. Sahani, kikombe, bakuli la kunawia, shuka, kumkumbatia, kumbusu, kulala naye: hakuna njia hapo. Nimeona baba aliyetengewa kijiko na wanawe mwenyewe, na aliumia kwa kijiko kile kuliko kwa ugonjwa. Kitenganishwe kinachogusa damu tu: wembe, mswaki, mkasi wa kucha, vipini vya kutogea. Damu ikimwagika, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, futa, kisha safisha kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, uiache dakika kumi.

Tendo la ndoa: kwa mume na mke wa siku zote, kuambukizana kwa njia hii ni nadra sana. Hatari hupanda palipo na damu, mfano hedhi au michubuko, palipo na magonjwa ya zinaa au VVU, na kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Kondomu inasaidia. Wewe mwenyewe pima mara moja, ujue umesimama wapi.

13. Nina mimba na nimekutwa nayo. Mtoto?

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye kirusi hai, 5 au 6 hivi huambukizwa. Idadi huongezeka mama akiwa pia na VVU. Kwa hiyo walio wengi mno huzaliwa salama. Huna haja ya upasuaji kwa ajili ya C peke yake. Nyonyesha kama kawaida, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu: pumzisha titi hilo mpaka lipone.

Mtoto asipimwe kingamwili (alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi, tazama swali la 16) kabla ya miezi 18, kwani atakuwa bado na kingamwili za mama na majibu yatakutisha bure.

14. Maji ya ziwa? Samaki? Mbu?

Hapana kwa yote matatu. Homa za ini zinazopitia maji na chakula kilichochafuliwa ni A na E. Ziwani kuna kichocho, hilo ni kweli, lakini C haiogelei.

## Kupima na kutibiwa

15. Sina dalili yoyote. Nipime ya nini?

Kwa sababu wengi hawana. Baadhi, kama 30 kwa kila 100, hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki hukaa nacho, na kati yao 15 hadi 30 kwa kila 100 hupata ini lenye makovu ndani ya miaka 20 hivi. Miaka yote hiyo mtu anavua, anauza, anazaa, na ini halisemi. Likija kusema, tumbo limejaa maji au mtu anatapika damu.

Pima kama jambo lolote la swali la 6 hadi la 11 limekugusa, kama una VVU au B, kama mama yako alikuwa nacho, au kama vipimo vya ini vimetoka vibaya bila sababu. Anza kwa kuuliza kituo kilicho karibu. Hospitali ya Sekou Toure na Bugando ndizo rufaa zetu.

16. Kipimo cha haraka kimesema "ipo". Nimekwisha?

Bado hujui. Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Aliyepona ataendelea kuonyesha alama hiyo, pengine maisha yote. Na mahali ambapo ugonjwa si wa wengi, sehemu ya majibu ya "ipo" huwa si ya kweli. Unahitaji kipimo cha pili kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Kikikosekana kirusi, huna maambukizi ya sasa.

Nasisitiza hili kwa uchungu. Nilimpokea mama aliyekaa miaka miwili akijihesabu mgonjwa, amekwisha kugawa hata kanga zake, kwa sababu ya kipimo kimoja ambacho hakuna aliyemwambia kina mwenzake. Cha pili hakikukuta kirusi.

Kwa upande mwingine, kingamwili huchukua wiki 8 hadi 11 kuonekana. Ukipima wiki moja baada ya tukio ukaambiwa "hakuna", rudi tena.

17. Inapona?

Ndiyo, kupona kabisa. Vidonge kama sofosbuvir na daclatasvir, kwa kawaida kwa wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 kwa kila 100. Vilipotoka Marekani mwishoni mwa mwaka 2013, kozi ya sofosbuvir peke yake ilikuwa dola 84,000. Leo zipo zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Muulize daktari wa rufaa upatikanaji na bima yako.

Kabla ya kuanza, lazima upimwe B. Dawa ya C inaweza kuiamsha B iliyolala, na kwetu B ni nyingi. Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu au za VVU, sema, maana baadhi hazipatani nazo. Gongo acha. Na dawa za mizizi za "kusafisha ini" ziweke kando. Nyingine zinaliumiza ini lenyewe.

## Hali za pekee

18. Nimejichoma sindano ya mgonjwa kazini. Nifanye nini?

Osha kwa maji na sabuni, usiminye jeraha, toa taarifa siku hiyo hiyo. Kwa VVU kuna dawa za kinga na zina saa 72 tu, kwa hiyo usingoje zamu iishe. Kwa C hakuna dawa ya kinga, lakini uwezekano ni mdogo, chini ya 2 kwa kila mara 100. Pima siku hiyo ili kuwe na mwanzo unaojulikana, pima kirusi baada ya wiki 3 hadi 6, na kingamwili baada ya miezi 4 hadi 6.

19. Baba ana maji tumboni na bandama kubwa. Wengine wanasema kichocho, wengine homa ya ini, wengine amerogwa.

Mwambaoni swali hili ni gumu kweli, hata kwa daktari. Kichocho cha tumbo cha muda mrefu huziba mishipa ya damu ndani ya ini, bandama likakua na mtu akatapika damu, picha inayofanana sana na ya B au C iliyokomaa. Tena mtu anaweza kuwa navyo pamoja. Hatuwezi kukisia kwa kumtazama tumbo. Anahitaji vipimo vya B na C, choo kuangaliwa mayai ya kichocho, na ultrasaundi ya ini. Akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, hiyo ni dharura: hospitali usiku huo huo, kwa boti au kwa bodaboda.

20. Nimepona C. Naweza kuipata tena? Na kuchangia damu?

Unaweza kuipata tena, kwani kupona hakuachi kinga. Mambo ya swali la 6 hadi la 11 yanaendelea kukuhusu. Kuchangia damu, hapana: kingamwili zako zitaonekana kwenye kipimo na chupa itatupwa. Ukitaka kusaidia, mlete kijana mzima wa nyumbani kwako achangie, na umsindikize.